Muulize Daktari wa Mifugo: Mbwa wawili, korongo la mto na baridi ya Januari

Shikamoo Daktari. Mimi ni binti wa Nyegezi, Mwanza, ila kwa sasa niko masomoni Marekani, mjini Bend, jimbo la Oregon. Mama hupiga picha ukurasa wako na kunitumia kwa simu, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe. Familia ninayokaa nayo ina mbwa wawili. Mmoja ni mkubwa, ana manyoya mengi mpaka masikioni. Mwingine ni mwembamba, manyoya mafupi, ukimwona utadhani katoka mtaani kwetu. Jumamosi ya pili ya Januari wanataka twende kutembea kutwa kando ya mto Crooked, kwenye korongo la Smith Rock, na wameniambia mbwa mmoja nitamshika mimi. Utabiri unasema asubuhi itakuwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Nyumbani mbwa wetu alikuwa wa ulinzi, mchana bandani, usiku anafunguliwa. Sikuwahi kutembea naye kwa kamba. Je, mbwa hasikii baridi? Akitumbukia mtoni nifanyeje? Mimi mwenyewe nivae nini? Nina jaketi la mtumba nililonunua soko la Mlango Mmoja. La mwisho: mimi ni Mwislamu, na sijui niwaambieje wenyeji wangu habari ya udenda wa mbwa bila kuwaudhi.
Z., Oregon

Marahaba, mwanangu, na mfikishie mama salamu zangu.

Mbwa anasikia baridi. Wengi wetu huku tunaamini manyoya yanamtosha, kwa sababu baridi tunayoijua ni ile ya Juni na Julai, ambayo ukivaa sweta imekwisha. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likishuka chini ya 37, mwili umeanza kushindwa kujipasha, na kuanzia hapo mambo huenda mbio. Lakini mbwa hawalingani. Yule mkubwa, kwa jinsi ulivyomweleza, ana manyoya ya tabaka mbili: marefu ya nje yanayomwaga maji, na laini ya ndani yanayotunza hewa yenye joto. Yule mwembamba ana tabaka moja tu na hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Huyo ndiye wa kuangaliwa. Kama hawana desturi ya kumvalisha koti, waombe kwa adabu wamvalishe siku hiyo, koti linalofunika mgongo na kifua bila kumbana kwapani. Na mbebe la pili, maana koti likishalowa linamwongezea baridi.

Tena ningependa huyo mwembamba umshike wewe. Mbwa mkubwa mwenye nguvu akivuta juu ya barafu humwangusha hata mzoefu, sembuse mtu ambaye hajawahi kushika kamba. Mwambie mwenyeji wako akufungie mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingo, ili akiteleza umzuie bila kumnyonga. Kamba ishike kwa mkono. Usiizungushe kwenye kiganja wala kifundo, kwa sababu akiruka ghafla atakuvunja vidole au ataondoka na wewe. Hapo Smith Rock kufungua mbwa hairuhusiwi: katika hifadhi za jimbo la Oregon kamba haitakiwi kuzidi futi 6, kama mita 1.8 hivi. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kwenye korongo lenye magenge, mbwa aliyeona ndege au kindi hana breki.

Sasa nikueleze jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote haya. Mbwa hatakuambia turudi. Atakufuata mpaka miguu ikatae, kwa sababu kumfuata mtu wake ndiyo raha yake na ndiyo kazi yake. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuza ni wa aliyeshika kamba, na unatakiwa kufanywa mapema, mkiwa bado kwenye gari, si mkiwa mmechoka na mmebakiza kona moja kufika mahali pazuri pa kupiga picha.

Nilipokuwa masomoni Edinburgh nilipanga kwa mama mmoja aliyekuwa na spanieli, mbwa mwenye masikio marefu na manyoya marefu miguuni. Kusini mwa jiji lile, karibu na kijiji cha Roslin, mto North Esk umechimba bonde jembamba lenye kuta za mawe, na njia ya miguu hupita chini ya miti kando ya maji. Desemba jua la kule huchomoza kwenye saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo ukitembea unatembea na saa mkononi. Siku moja ya theluji yule mbwa alianza kubaki nyuma. Hakulia. Alikuwa anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Mama yule akapiga goti, akavua glavu, akatanua vidole vya mbwa kwa dole gumba lake. Katikati ya vidole theluji ilikuwa imeshikamana na nywele na kuwa vidonge vya barafu, vigumu kama kokoto, vimeibana ngozi mpaka imewiva. Hakuving'oa. Alifumbata ule mguu kiganjani mpaka barafu ikayeyuka, akaufuta kwa kitambaa kikavu, akahamia mguu wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akasimama akasema tunarudi. Ngome tuliyokuwa tunaiendea ilikuwa inaonekana juu ya miti. Hakuitazama hata mara moja.

Fanya hivyo hivyo. Kila mnaposimama kunywa maji, kagua miguu yote minne kwa vidole vyako mwenyewe, kwa kuwa jicho halioni kilichojificha kati ya kidole na kidole. Kabla ya safari, nywele za chini ya nyayo zipunguzwe kwa mkasi, na nyayo zipakwe mafuta mazito ya kujipaka. Kama wana viatu vya mbwa, avishwe nyumbani siku kadhaa kabla. Mbwa aliyevishwa viatu kwa mara ya kwanza njiani atavivua vyote kabla hamjavuka daraja.

Dalili za kugeuza ni hizi: anatetemeka huku anatembea, anainua miguu kama nilivyoeleza, mkia umeingia katikati ya miguu na mgongo umejikunja, anasimama na kutazama njia mliyotoka. Ukiona moja tu, geuza. Na elewa kwamba kutetemeka kukikoma ghafla huku mbwa amelegea na kusinzia, hajapata nafuu. Ndipo hali imekuwa mbaya, mwili umeacha kupigana. Hapo ni kumkausha kwa taulo, kumfunga blanketi, kumkumbatia, na kumwahisha garini na kwa daktari. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa unaweza kumwekea kifuani. Maji ya moto mwilini hapana. Ncha za masikio na mkia zikiwa zimepauka na kukakamaa, usizisugue.

Kuhusu mahali penyewe. Watu husikia korongo wakafikiri chini kuna hifadhi ya upepo na hivyo kuna joto. Mara nyingi asubuhi ya baridi ni kinyume chake: hewa baridi ni nzito, usiku huteremka na kutuama chini kwenye mto, na kuta za mawe huchelewesha jua kufika. Mnaweza kuacha gari juu kwenye jua mkakuta barafu ngumu kando ya maji. Utashangaa kusikia kwamba mto Crooked hapo uko chini kuliko nyumbani kwenu. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mto ule hapo haufiki hata mita 900. Baridi yao inatokana na umbali wao kutoka ikweta: mwezi Januari jua hupita chini na mchana wao ni wa saa tisa na kidogo, wakati sisi Mwanza tuna saa kumi na mbili mwaka mzima. Kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama, na chini korongoni kivuli hutangulia sana. Mkianza saa nne asubuhi, saa saba mchana mgeuze, popote mlipofika.

Njia ifuatayo mto ni tambarare kwa sehemu kubwa na hiyo ndiyo ya kwenu. Kuna nyingine inayopanda mgongo wa mlima, waliyoiita Misery Ridge. Ina mwinuko mkali na kona nyingi, na ikiwa na barafu sipendi mbwa wala mgeni aipande. Mawe ya pale ni majivu ya volkano yaliyogandamana, tofauti kabisa na majabali yetu ya granaiti uliyozoea kuyapanda utotoni. Usiende ukingoni ukiamini kila jiwe litakushika.

Mtoni sasa. Wewe umekulia ziwani na bila shaka unajua kuogelea, ndiyo maana nasisitiza: mbwa akitumbukia, usimfuate. Maji ya ziwa letu huzunguka nyuzi 25. Maji ya mto ule mwezi Januari yanakaribia kuganda, na maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa ya baridi ile ile. Ukiingia ghafla pumzi inakatika, unavuta hewa bila kutaka, na kama mdomo uko chini unavuta maji. Wapo watu waliokufa wakimfuata mbwa kwenye barafu, na mbwa akatoka mwenyewe. Baki nchi kavu, mwite kwa jina, kwa sauti ya furaha, mwelekeze pale alipoingilia au penye ufukwe wa chini. Mwenzako apige 911, namba ya dharura ya huko. Akitoka, safari imekwisha hapo hapo. Na barafu iliyofunika sehemu ya mto msiikanyage hata kama wenyeji wengine wanaikanyaga; maji yanayotembea huila barafu kwa chini.

Mavazi yako: fulana ya pamba usiivae karibu na ngozi. Sisi wa Kanda ya Ziwa pamba ndiyo iliyosomesha wengi wetu na naiheshimu, lakini ikishika jasho haikauki, na ukisimama inakupoza. Vaa ya sufu au ya nyuzi za viwandani, juu yake sweta, kisha jaketi. Hilo la Mlango Mmoja limwagie maji kidogo begani: yakiteleza, linafaa kwa upepo na theluji, yakinywewa, azima jingine. Soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, glavu jozi mbili. Chupa ya chai ya moto na tangawizi bebeni. Mbwa bebea maji ya kunywa na bakuli. Theluji anayolamba haimtoshi na inampoza tumboni. Chakula chake kiongezwe siku hiyo, maana kujipasha kunakula nguvu. Tena pale mtakapoegesha magari asilambe kidimbwi chochote: maji ya rejeta yasiyoganda yana ladha tamu na ni sumu, kiasi kidogo tu huua figo za mbwa. Mkirudi, mwosheni miguu kuondoa chumvi inayomwagwa barabarani.

La udenda. Hukumu yake muulize shekhe wako. Mimi najua tu kwamba Waislamu wengi wa kwetu hufuata madhehebu ya Shafi, na humo chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ninachoweza ni kukupa njia ya vitendo. Vaa suruali ya nje isiyopitisha maji na glavu utakazotenga kwa ajili ya mbwa peke yake, uzivue mkifika garini, na uwe na nguo safi ya kuswalia kwenye mfuko uliofungwa. Kumkagua miguu utamkagua ukiwa na glavu nyembamba za mpira, zile za hospitali. Vidole bado vinahisi. Na wenyeji wako waambie wazi, mapema, kwa sentensi moja: dini yangu inanitaka nioshe mahali mbwa aliponilamba, kwa hiyo naomba mnisaidie asinirukie. Mtu anayempenda mbwa wake hataudhika na mgeni anayejali hivyo. Nimekaa na watu wa namna hiyo, nakuhakikishia.

Shikamoo Daktari. Mimi na wenzangu wa Nyasaka tuna mbwa watatu. Tumeamua kila Jumapili tutembee nao, tupande milima ya mawe halafu tushuke ziwani. Je, baridi ya asubuhi ya Julai itawadhuru? Na tunaweza kuwavusha kisiwa cha Saanane?
Msomaji wa Nyasaka

Marahaba. Baridi ya Julai ya Mwanza haimdhuru mbwa mzima mwenye afya. Adui yenu ni jua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na granaiti ikishapigwa na jua inaunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya jiwe. Kama huwezi kuvumilia sekunde saba, mbwa asilikanyage. Tokeni saa kumi na mbili alfajiri, saa tatu muwe mmerudi kivulini, na maji yao mbebe wenyewe. Mto Mirongo msiwanyweshe: unapita katikati ya jiji na kubeba taka, na maji yenye mkojo wa panya huleta homa ya mgunda kwa mbwa na kwa mtu.

Saanane hapana. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na mbwa haruhusiwi kuingia katika hifadhi za taifa. Msione ni ubabe. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wote wa mle, na mbwa wa vijijini ndio walionyooshewa kidole. Sisi wa Mwanza ni majirani wa Serengeti, jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Lakini kabla ya hayo yote, hamkuniambia kama mbwa wenu wamechanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kwa mtu au kwa mbwa, hakuna tiba. Chanjo ipo, inarudiwa kila mwaka, na kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwenye matembezi yenu mtakutana na mbwa wa mitaani wasio na mwenyewe. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo. Pelekeni mbwa wote watatu kwa ofisa mifugo wa kata wiki hii, na kadi zao mzitunze. Jumapili ya kwanza ianze baada ya hapo.

Daktari, mbwa wangu ananifuata mwaloni, pale tunaposhushia samaki, kila alfajiri na anapenda kuogelea. Nimemwacha tu. Kuna ubaya?
Mvuvi wa Kayenze

Upo. Mamba huvizia pale pale penye mazoea, na mbwa anayeingia majini saa ile ile mahali pale pale kila siku anamfundisha mamba ratiba yake. Matumbo ya samaki yanayotupwa mwaloni huwasogeza karibu zaidi. Na wewe unayesimama majini kumwosha unajitafutia kichocho. Mwoshe nyumbani kwa maji ya ndoo. Mfunge kamba mpaka mtumbwi wako uwe umeondoka, umwachie kijana unayemwamini amrudishe, na dagaa wake mpe nyumbani kwako, asizoee kula mwaloni.